Nekesa Si Bubu, na Barua ya Kuomba Radhi Siandiki

Mhariri, lifiche jina langu, na la shule pia. Mengine yaache yalivyo.

Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa, nina watoto wawili, na tunapanga chumba Kibera. Kila asubuhi navuka barabara ya Ngong kwa miguu kwenda Kawangware, ambako nafundisha darasa la tatu. Cheti cha ualimu sina. Niliajiriwa kwa sababu tangu Uhuru watoto wamejaa shuleni kuliko walimu.

Mwaka huu aliletwa Nekesa, msichana wa miaka kumi kutoka Bungoma, alikokuwa akisomeshwa kwa Kibukusu. Kwetu sheria ni Kiingereza tu mpaka langoni. Anayeteleza akasema lugha nyingine huvishwa kibao cha aibu shingoni hadi jioni. Nekesa alikivaa wiki nzima ya kwanza, kisha akafunga mdomo. Muhula mzima hakusema neno. Siku moja alijikojolea kwenye dawati kwa kutojua namna ya kuomba ruhusa kwa Kiingereza, na darasa likacheka. Walimu wakasema ni bubu. Hata mimi, nakiri, nilikuwa nimeanza kumruka nikiuliza maswali.

Jumamosi moja nikapita sokoni Kawangware, nikamkuta kwenye meza ya mama yake akimkaripia mteja aliyeminya nyanya zote bila kununua. Kiswahili kilimtoka kama maji, na Kikuyu cha kuokoteza kikichanganyika humo humo. Niliona aibu. Mama yake akaniambia polepole, "Mwalimu, huyu nyumbani hanyamazi. Huko shuleni mnamfanya nini?"

Jumatatu nilimketisha na Wambui, mtoto mwenye subira. Nikakata maboksi ya sabuni, nikamwandikia vikadi vya Kiingereza vya kuonyesha: naomba kutoka, sijaelewa, rudia tafadhali. Nikamruhusu ajibu kwa Kiswahili kwanza, kisha watafute Kiingereza chake yeye na mwenzake, amnong'oneze Wambui, halafu mimi. Sikumlazimisha kusimama. Wiki zikapita. Asubuhi moja nikiandika ubaoni, nikasikia nyuma yangu sauti nisiyoizoea, kwa Kiingereza: "Mwalimu, umeruka neno."

Kweli nilikuwa nimeliruka. Darasa zima likageuka kumtazama. Nililiandika lile neno taratibu, nimewapa mgongo makusudi, wasinione machozi.

Lakini hedimasta alikuwa amesikia Kiswahili darasani mwangu. Kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya watoto wote, aliniita akanivisha kibao mimi. Nekesa alikuwa mstari wa mbele. Nilikivua hapo hapo, nikaenda jikoni, nikakisukuma motoni chini ya sufuria ya chai ya walimu.

Sasa anataka barua ya kuomba radhi kufikia Ijumaa, la sivyo ataandika kwa wakubwa niachishwe kazi siku hiyo hiyo, na mtu asiye na cheti hana wa kumtetea. Mume wangu, fundi seremala, mtu mwema, amenisihi niandike tu, eti karatasi haiumi. Nimemjibu kwamba mtoto ameongea, na siwezi kutia sahihi kwamba nilikosea. Nikifukuzwa, nitafukuzwa.

Kwa hiyo wasomaji, kuhusu barua msijisumbue. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Jana Nekesa alinifuata baada ya kengele, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuchechemea kama wiki ijayo nitakuwepo. Nikajifanya nasahihisha madaftari. Nikimwambia ukweli, ataamini kwamba sauti yake ndiyo iliyonifukuzisha, na huenda akaifunga tena. Nikimficha, Jumatatu atamkuta mtu mwingine ubaoni, na hatamwamini tena mwalimu yeyote maishani.

Ninyi mliolea watoto, ninyi mliofundisha, nimwambie nini mtoto huyu? Nijibuni upesi. Ijumaa haiko mbali.