Walihamishia Tamthilia Saa Kumi Jioni, Nikamvunja Shemeji Mkono

Admin nifiche jina tafadhali, mji wetu mdogo na mashemeji zangu wote wana simu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nina watoto wawili, nimeolewa hapa Ujiji. Mume wangu na kaka yake ni wavuvi wa dagaa. Jioni wanashuka ziwani na taa zao, asubuhi wanarudi, mchana wanalala. Wa huku mnaelewa, mke wa mvuvi usiku ni wake mwenyewe.

Kwa hiyo tamthilia yetu ya saa mbili usiku ilikuwa raha. Ni ya familia moja, mama mkwe anawatesa wake za wanawe, na sisi tulikuwa tunamtukana kama vile anatusikia. King'amuzi mtaani kipo kwangu tu, basi sebule inajaa hadi wengine wanakaa mlangoni na watoto mgongoni. Wa kwanza kufika siku zote ni Mama Rehema, mke wa huyo kaka yake mume wangu. Mpole, hata akicheka anaziba mdomo. Lakini mbele ya TV alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu.

Halafu kituo kikaihamishia saa kumi jioni, saa mbili wakaweka mashindano ya kuimba. Saa kumi huku ndiyo wanaume wanaamka, wanataka maji ya kuoga na ugali wa muhogo kabla ya kwenda kuvua. Sebule ikapwaya. Juzi ukurasa wa kituo ukauliza mbona watazamaji wamepungua, je, hadithi imetuchosha? Nilicheka kwa hasira. Hadithi haijamchosha mtu, saa hiyo tumeshika mwiko jikoni.

Mama Rehema peke yake hakuacha. Anasonga ugali mapema, anaufunika, anakuja mbio. Siku hiyo mkwe wa kwenye tamthilia alikuwa anamjibu mama mkwe kwa mara ya kwanza, Mama Rehema akasahau muda. Mume wake akaamka, akakuta ugali umepoa na mke hayupo. Akaja kwangu na kasia mkononi, mume wangu akiwa ameshatangulia ufukweni.

Hakupiga hodi. Alimkamata nywele akambamiza uso kwenye meza ya TV, damu ikarukia kioo. Alipoanguka akaanza kumtandika mgongoni kwa lile kasia kama anapura maharage. Wanangu wanaona. Nilimwomba, nikamwambia shemeji utaua. Akanisukuma nikagonga ukuta, akarudi kumpiga. Nikakimbilia uani, nikabeba mchi wa kinu, nikampiga ule mkono wa kasia kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nikampiga tena begani. Sitaki kuwadanganya, pigo la pili nililifurahia.

Sasa anayeonewa huruma ni yeye. Mkono umefungwa hogo la plasta, ziwani haendi, na mama mkwe analia kwamba nimemlemaza mwanawe. Mama Rehema kang'oka meno mawili, watu wanaambiwa aliteleza chooni. Ukoo umepanga kikao Ijumaa baada ya swala. Nipige magoti mbele ya wote, nimwombe msamaha, nikiri kwamba TV yangu ndiyo iliyoleta fitina. Mume wangu kasema nikikataa nirudi kwetu Kasulu, na watoto niwaache. Inaniuma sana, maana nilimtegemea.

Hata hivyo nilikuwa nimeshaamua kukataa. Nilitaka kwenda polisi mwenyewe, nieleze nilichokiona na nilichokifanya, liwalo na liwe.

Leo asubuhi Mama Rehema akaja. Nilidhani anakuja kunishukuru. Hakuingia, alisimama mlangoni, jicho bado limevimba, akasema taratibu:

"Mdogo wangu, piga magoti. Mkono mmoja bado anao."

Akaondoka kabla sijamjibu.

Ndugu zangu, nikipiga magoti huyu mwanaume anajua alikuwa na haki, na binti yangu aliyeona yote ataniona nikiwa chini miguuni pake. Nikikataa, mimi nitakuwa Kasulu, na atakayebaki naye ndani ni Mama Rehema. Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini bila kunionea aibu, nishike lipi?