Kifungo cha Nne

Mama Sindano hakuwa na nia ya kumchunguza mtu. Alikuwa anapanga kabati dogo la chumbani, lile ambalo mlango wake haufungiki mpaka uusukume kwa goti, akakunjua shati la kazini la mumewe na macho yakamtoka. Kifungo cha nne kilikuwa kimeshonwa upya, na mkono ulioshona haukuwa wake. Yeye, fundi cherehani wa miaka kumi na tisa, hupitisha uzi kimsalaba na kuficha fundo kwa ndani. Uzi huu ulikwenda sambamba, na fundo lilikaa juu, wazi kabisa, kama linamcheka.

Basi kuna mtu, akawaza. Tena hata kushona hajui.

Akapekua mashati yote, akakuta vifungo vingine viwili vya mkono uleule. Mumewe alipoingia, nguo zilikuwa zimetapakaa kitandani, na shati likamtua kifuani.

"Hebu niambie, mwenzangu. Anayekushonea vifungo ni nani?"

Mume akalitazama shati, kisha akamtazama mkewe. "Ni mimi."

"Usinifanye mtoto. Shika sindano nione."

Akaketi, akahangaika na uzi mpaka ukapita, akashona. Fundo likakaa juu.

"Umeanza lini mambo haya?"

"Shati lilikaa miezi miwili kwenye kapu lako, chini ya nguo za wateja. Siku niliyokuja kulichukua, hukuinua hata kichwa."