Odowa ya Mitaro ya Wapimaji

Nakumbuka siku moja kule Lambwe, mwanangu, miaka michache baada ya uhuru, nikiwa nimeolewa juzijuzi na nina mimba ya kwanza. Nilikuwa na hamu moja tu: odowa, lile jiwe laini tunalotafuna sisi wajawazito. Hata leo nikilikumbuka, mate hunijaa.

Wapimaji wa madini walikuwa wamechimba mitaro mlimani. Jiwe lililotoka humo lilikuwa laini kuliko la sokoni, tena la bure. Sisi wake wachanga wa kijiji tulipanda na vikapu tukiimba, tukiona wageni wale wametuletea neema. Ah, tulikuwa wasichana.

Mpimaji mmoja, kijana, akaja kuomba maji kwa mama mkwe wangu, mashine yake ya kupimia mawe begani. Alipopita karibu na kikapu changu, ikaanza kulia tiki-tiki bila kupumzika. Akaacha kunywa.

"Mama, hii usikule tena," akaniambia.

"Kwa nini?" mama mkwe akauliza.

"Hiyo ni siri ya kazi."

Mama mkwe alikuwa mpole mpaka umguse mtu wake. Akasimama mlangoni. "Maji yangu umekunywa bila siri. Mjukuu wangu iko ndani ya tumbo ya Nyar Kisegi hapa. Sema."

Nyar Kisegi, yaani binti wa Kisegi, ndiye mimi. Kwetu mke huitwa kwa alikotoka. Kijana akainamisha kichwa, akasema jiwe lile lina urani, kitu cha kuwashia umeme wa miji ya mbali na kutengenezea mabomu, na kwamba linaweza kumdhuru mtu bila yeye kuona. Wakubwa wake walijua. Hawakuona haja ya kutuambia.

Baadaye wapimaji waliondoka, wakaacha mitaro wazi. Mama mkwe ndiye aliyetuongoza kuifukia kwa majembe.

Nilijifungua salama; mtoto ni dada yako mkubwa. Lakini kila alipopata homa niliogopa, miaka mingi. Hofu ile hakuna aliyekuja kuipima.

Sasa waniambia wapimaji wengine wamekuja, nawe umo kwenye kamati. Usikutane nao ofisini peke yako. Waite nyumbani, wanawake wakiwepo, uwaulize wanatafuta nini, vumbi lake litamwangukia nani, na mashimo atayafukia nani. Wasipojibu, wasinywe maji yako.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe ulimi wa nyanya yako, mwanangu, na wajukuu zangu wanywe maji ya Lambwe bila kuogopa.