Chepkirui na Konyeza wa Kilindini

Shule niliiachia darasa la saba katikati, lakini konyeza wa bahari kuu, wale viumbe wanaoelea laini kama utelezi, nitakupangia kwa jamii zao kuliko mwalimu yeyote hapa Boito. Alinifundisha Chepkirui, binti ya marehemu dada yangu, aliyesomea wanyama wa baharini.

Mwaka wa 1996 alirudi kwao mgonjwa, sweta ikimning'inia kama ya kuazima. Jioni nilimpelekea mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, nikimchokoza.

"Hiyo kamasi ya bahari mnaipanga vipi? Kwa sura?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Sura inadanganya, Mjomba. Tunaangalia wanabeba mayai wapi, na wanavyokua. Wengi wa jamii yao huanza wakiwa wameshika mwamba kama vijimti, halafu konyeza huchipuka hapo na kuelea. Lakini wangu wa kilindini, wale wekundu, hawana hatua ya mwamba. Anazaliwa majini, anafia majini. Chini hagusi."

"Maskini! Hana boma?"

"Hana." Akashika mkono wangu. "Mimi nataka boma, Mjomba. Nizikwe kando ya mama."

Nikampelekea maneno hayo kakake, Kipkosgei, mwenye shamba sasa.

"Msichana ambaye hakuolewa hazikwi kwa babake," akasema. "Ataleta mkosi. Mtafutie kwingine."

"Kwingine wapi, bwana mkubwa? Baharini?"

Akanipa mgongo, akaendelea kukama ng'ombe.

Nilirudi kwa Chepkirui nikamwambia ukweli. Hakulia. Aliuliza tu kama kutoka kwangu, ng'ambo ya kijito, kaburi la mama yake linaonekana.

"Linaonekana vizuri," nikasema. "Na mimi nina chai bora kuliko yao."

Alifariki wakati chai inachipua sana. Ning'oe miti ya chai, mimi ninayejisifia kila jani! Niliing'oa peke yangu kupata nafasi ya kaburi lake, mizizi imeshikilia udongo kama deni la ukoo, machozi yakanitoka na nikasingizia jasho. Kipkosgei alikuja mazishini, akasimama nje ya ua mpaka tulipofukia.

Siku hizi wachumaji wakifika hapo huzunguka. Mimi huketi na kumtania: "Haya, mama, wewe si konyeza tena. Umegusa chini."

Kimya. Na mtoto huyo hakuwahi kukosa jibu la kunipa.