Kitenge mbele ya telefoni

Mujukuu wangu alipita mupaka wa Kasindi akaenda Ulaya kucheza dansi. Niliuliza, "Unachezea nani kule?" Akasema, "Hapana mutu, koko. Mimi niko indépendante." Neno hilo nilijitamba nalo kanisani mpaka bamama ba Butembo bakachoka.

Juzi nilimwangalia direct kwa telefoni, saa ileile akicheza. Katikati ya dansi akaanguka pwaa, kama gunia ya viazi ya Masereka. Kwetu muchezaji akianguka, bamama banamufunga kitenge kiunoni, banamusimamisha. Kule batu balikaa tu kwa viti. Mimi nilisimama na kitenge changu mbele ya telefoni.

Kisha alinipigia telefoni akaniambia, "Koko, kuanguka ni dansi."

"Na siku utaanguka kweli, nani atajua?"

Alicheka. Kitenge kilikuwa bado mukononi mwangu.