Siku Baba Alipompisha Bibi

Karibu na ninapouzia mchele hapa Kahama kuna shule ndogo ambayo mpaka leo haina kengele. Wamening'iniza rimu ya gari kwenye mti, na ikifika saa nne mtoto mmoja mrefu anaigonga kwa kipande cha nondo. Watoto wenzake hukimbilia uji. Mimi huacha kupima mchele, mteja akabaki ananitazama, maana mlio ule unanirudisha kwenye uwanja wa shule ya kijijini kwetu, njia ya kwenda Ushirombo, kiangazi, vumbi limenijaa mpaka puani. Kwetu rimu ikigongwa baada ya wanafunzi kwenda nyumbani, ulikuwa ni mkutano wa kijiji. Mkutano ninaoukumbuka kuliko yote ni ule wa uchaguzi wa mwenyekiti, nikiwa darasa la tatu.

Niwaeleze kwanza tulivyokuwa tunachagua, maana wanangu nikiwasimulia wanadhani natunga. Baba alipenda kutuhadithia enzi za chama kimoja, wagombea ubunge walipokuwa wawili tu, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Kulikuwa na mama mmoja jirani aliyeulizwa kwa nini alipigia jembe. Akajibu kwamba nyumba anayo, ila jembe lake limechakaa. Baba alicheka kila alipofika hapo, na sisi tukacheka kwa sababu yeye anacheka.

Mimi nilizaliwa vyama vingi vikiwa vimeshakuja, lakini kijijini kwetu vilikuja kwa jina. Chama kilikuwa kimoja tu chenye watu, kwa hiyo aliyeshinda kura za maoni ndani ya chama alikuwa ameshakuwa mwenyekiti, na uchaguzi wenyewe ulibaki kuwa siku ya kuvaa nguo nzuri. Na kura zile za maoni hazikuwa za karatasi. Karatasi zilikuwa zinaahidiwa kutoka kata na hazifiki. Basi wagombea walisimamishwa mbele, kila mtu akaenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka, msimamizi akapita akihesabu vichwa. Hapakuwa na siri. Ukimnyima mtu kura, alikuona mgongo na uso.

Mwaka huo wagombea walikuwa wawili, baba yangu, Masanja, na mzee Shija, mwenye mashine ya kusaga. Kilichokuwa kinagombewa, kila mtu alikijua, kilikuwa ngitili. Ngitili ni ardhi ya malisho inayofungwa mvua zikianza. Hakuna anayeingiza ng'ombe mle mpaka kiangazi kikaze na nyasi za kwingine kote ziishe. Yetu ilikuwa ya kaya nyingi, imejaa migunga, na ukipita kandoni mwake mwezi wa nane ulisikia harufu ya nyasi kavu zilizosimama mpaka kiunoni, wakati mashambani hakuna hata jani. Ndani yake, kando ya kijito, vijana walikuwa wameokota mawe yenye dhahabu. Wachimbaji wakaanza kuja kutoka Geita na kila mahali, wakiomba kijiji kiwafungulie wachimbe maduara, yale mashimo yao marefu. Mzee Shija alisema tufungue. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka zahanati, na aliamini kweli kwamba dhahabu ingeileta. Baba alisema tukifungua, ng'ombe watakufa kiangazi kitakachofuata, na sisi bila ng'ombe ni nani?

Kati ya ng'ombe waliolishwa mle walikuwemo wa bibi, mama yake mama. Walikuwa uzao wa ng'ombe wa mahari ambao baba alitoa kumwoa mama. Bibi alikuwa mjane, anaishi ng'ambo ya mbuga ya mpunga, na mali yake nzima ilikuwa ile.

Sasa, bibi na baba walikuwa wakwe, na ukwe wa Kisukuma si mchezo. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanamume anaacha njia, anaingia vichakani, anageuza mgongo mpaka mama mkwe apite. Tangu nipate akili sikuwahi kuwaona wakisimama pamoja. Wakiwa na neno, walinipitishia mimi. Bibi alisimama nyuma ya nyumba akaniambia kwa sauti kubwa, "Kabula, mwambie baba yako yule mwekundu amezaa," na baba, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta na amesikia kila kitu, alinisubiri nizunguke nimweleze upya. Kisha alishangaa vizuri kabisa, kama habari ndiyo kwanza inamfikia. Niliona ni mchezo wa watu wazima, na niliupenda.

Msimamizi alitoka kata, kijana wa shati lililopigwa pasi. Ili tumpende akatusalimia "mwangaluka", salamu ya asubuhi, ilhali jua lilikuwa limeshapita utosini. Wazee wakaitikia kwa adabu, kina mama wakacheka ndani ya kanga. Akaeleza utaratibu: kila mtu amfuate mgombea wake, asimame nyuma yake, akianza kuhesabu hakuna kuhama, na asiyekuwa mstarini hahesabiwi. Baba akasimama upande wa kulia, amevaa koti lake la kwendea kanisani. Mzee Shija akasimama kushoto.

Watu wakainuka. Nilikuwa nimekaa na watoto wenzangu kwenye kivuli cha madarasa, nikiutazama mstari wa baba unavyorefuka. Uwanja wetu ulikuwa mdogo. Mstari ulifika kwenye ua wa minyaa, ukakosa pa kwenda, ukajikunja na kurudi, mpaka wa mwisho wakawa wamesimama karibu na baba mwenyewe, mbele yake kidogo, kando. Mama alikuwa humo katikati. Hata mimi nisiyejua hesabu nzuri niliona kwamba mstari wa baba ulikuwa mrefu kuliko wa mzee Shija.

Bibi alikuwa hajainuka. Alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango wa darasa la kwanza, miguu ameinyoosha. Kina mama wengine walishaondoka pale, na hakuna aliyeshangaa kwamba yeye amebaki. Asimame vipi nyuma ya mkwe wake, mbele ya kijiji kizima? Msimamizi alikuwa ameanza kuhesabu mstari wa mzee Shija, akigusa kila mtu begani. Hapo ndipo nikamwona bibi anainuka, anakung'uta vumbi, anafunga kanga yake ya juu vizuri, na kuanza kuukata uwanja.

Kutoka pale alipokuwa mpaka mwisho wa mstari hapakuwa na njia nyingine ila kupita mbele ya baba, uso kwa uso. Angeweza kuzunguka nyuma ya madarasa, ila hesabu ya mstari wa baba ilikuwa inakaribia na yeye miguu ilikuwa inamsumbua. Alikuja moja kwa moja, akiwa ameinamisha kichwa.

Baba alimwona akiwa amekaribia. Na alifanya kitu alichokuwa akikifanya tangu alipooa. Aliacha mahali pake, akaenda pembeni mpaka kwenye minyaa, akageuza mgongo na kusimama ameinamisha uso, ampishe mama mkwe wake.

Waliokuwa nyuma yake walikuwa wameambiwa wamfuate mgombea wao, na wengine kweli wakamfuata. Walioko mbali hawakumwona bibi. Waliona tu mgombea anaondoka na mstari unavunjika. Sijui ni nani aliyesema kwanza, lakini nilisikia sauti ikipita kutoka mtu hadi mtu, "Masanja kajitoa." Baadhi ya vijana, ambao nadhani walisimama pale kwa kuwaogopa baba zao, wakavuka haraka upande wa pili, wakahesabiwa huko. Wengine wakakaa chini. Baba alipogeuka na kurudi mahali pake, akawa anawaita watu kwa majina, na msimamizi akasema hesabu imeshaanza, hakuna kuhama tena. Wazee wakabishana naye. Alijibu kwamba mgombea ndiye aliyehama. Hakuwa Msukuma, na kila walipomweleza habari za ukwe alitazama saa yake.

Baba alishindwa kwa watu wachache mno. Ungeweza kuwapikia ugali wa sufuria moja wakashiba.

Bibi hakufika kwenye mstari. Baba alipogeuza mgongo, yeye alisimama pale katikati ya uwanja kwa muda, jua linampiga. Kisha akavuta kanga mpaka usoni, akapita, akatokea kwenye pengo la ua na kwenda kwake. Niliita, hakugeuka.

Ngitili ilifunguliwa kabla ya mvua. Migunga ilikatwa ikawa matimba ya kuzuia udongo ndani ya maduara. Kwa muda kijiji kilichangamka, kukawa na chapati asubuhi na muziki mchana kutwa, na mimi mtoto nilifurahia chapati. Zahanati haikujengwa. Dhahabu ilikuwa kidogo, wachimbaji wakahamia kwingine, mashimo yakabaki wazi. Kiangazi kilichofuata baba aliwapeleka ng'ombe mbali kutafuta nyasi, akarudi na wachache waliodhoofu, wakafa mmoja mmoja zizini. Wa bibi walikufa wote. Baba akaacha kusimulia habari ya jembe na nyumba.

Kuanzia siku ile ya uchaguzi bibi hakunituma tena kwa baba. Nilikwenda kwake, akanipa viazi, akaniuliza habari za mama na za shule, bila kumtaja baba. Baba naye hakuniagiza kitu. Watu kijijini walisema bibi alimroga, wengine walisema alinunuliwa na mzee Shija amtoe mkwewe mstarini. Nilikuwa mdogo, nikaona tu kwamba wamegombana, ingawa sikuelewa watu wasiosemezana wanagombana vipi. Bibi alikufa kabla sijamaliza darasa la saba. Siku ya maziko watu waliingia ndani kumuaga. Baba alibaki nje, upande wa nyuma wa nyumba, kwa sababu mkwe haruhusiwi kuutazama mwili wa mama mkwe wake.

Siku hizi kijijini tunapiga kura kwa karatasi, kila mtu na kibanda chake. Mwaka jana nilikwenda kumsindikiza baba kupiga yake. Ni mzee sasa, anatembea kwa kunishika bega, na mama hatuko naye tena. Tulipotoka tulikaa kupumzika kwenye uwanja uleule, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikathubutu kumuuliza kwa nini alihama siku ile, hali alijua kura ya bibi ingemsaidia.

Alinitazama kama nimesema jambo la ajabu.

"Nilidhani anapita," alisema. "Anakwenda kwake. Angekujaje kwangu?"

Miaka yote ile hakujua. Na bibi naye, nilijua kutoka kwa mama, alikwenda kaburini akiamini kwamba mkwe wake alimkataa mbele ya kijiji, kwamba alimgeuzia mgongo kwa kuona aibu ya kile ambacho yeye bibi alitaka kukifanya. Mama alinieleza hayo akiwa kitandani, mwezi mmoja kabla ya kifo chake. Maneno ambayo mama mkwe hakuyatuma mwenyewe hayapelekwi kwa mkwe, ndiyo maana alikaa nayo. Alinieleza pia jambo ambalo bibi alimwambia jioni ya siku moja kabla ya mkutano, na hilo nikaona hakuna tena wa kunizuia kulisema.

Nikamwambia baba kwamba bibi alikuwa ameamua tangu jana yake. Mama alimwonya kuhusu aibu, na bibi akamjibu, "Nimeona aibu ya kutosha. Kesho nakwenda kusimama nyuma ya mwanangu."

Watu walikuwa wanapita kwenda kupiga kura, wanamwamkia baba shikamoo, naye haitikii.

"Alisema 'mkwe wangu'," aliniambia mwishowe.

"Hapana, baba. Alisema 'mwanangu'."

Akaniomba niseme tena. Nikasema tena. Akavua kofia, akaiweka magotini, akalia pale mbele ya watu wote, na mimi nikamshika mkono wake kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.