Siku ya Kuzindua Sola Yangu Ngoingwa

Acha niwaambie mimi mwenyewe, maana mume wangu, Baba Shiru, akisimulia anaongeza chumvi, na video iko kwa simu ya kila mama wa kikundi, kwa hivyo kuficha hakusaidii. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nilizima stima ya nyumba yangu kwa mikono yangu, halafu nikaita mchungaji aje aiombee.

Kwetu ni Ngoingwa, lakini ile ya ndani kabisa, ambako nguzo za stima zilifika karibu zikatuona zikageuka. Miaka yote tumeishi na paneli moja ya sola, ya taa na kuchaji simu. Sasa mimi nina mashine ya kuangua vifaranga, na akina mama wa kikundi chetu, kumi na wawili, huniletea mayai. Kundi la kwanza liliharibika lote, betri ilikufa katikati ya siku za kuangua (mayai tisini na sita, nikayazika nyuma ya choo kama mtu aliyeua). Hakuna aliyenitukana. Walininyamazia tu kwa heshima, na hiyo ndiyo iliniuma, halafu wakaniletea mengine, kila mama manane, na jina lake kwa penseli juu ya kila yai. Nikajiambia haya yakioza, nauza mashine na sitawaangalia usoni tena. Ndiyo nikaamua kuongeza sola: paneli nne mpya, betri kubwa, na inveta, ile boksi ya kugeuza sola iwe stima ya kawaida.

Fundi Kariuki wa mtaa wa Landless, mtu wa maneno machache, alimaliza Alhamisi asubuhi. Paneli zote tano ziko juu ya mabati ya nyumba ya kuku, mashine, na yale mayai mapya yakiwa ndani tayari, ameunganisha kwa betri mpya, ile ya zamani akabeba akaenda nayo.

"Mama Shiru, hii betri imekuja na chaji nusu," akaniambia. "Iache ikunywe jua siku mbili. Jumamosi utawasha hata mashine ya kusaga unga."

Jumamosi nilikuwa nimealika kikundi na mchungaji kwa maombi (kwetu kitu kipya kinaombewa, hata kikiwa jiko). Sasa nikawaza, hawa watu wakiingia tu kwa geti wataona paneli zote, na mchungaji atafungua nini? Hilo wazo dogo ndilo lilinimaliza. Nikatoa pazia nzito za sebuleni, zile za maruni, nikapanda stuli, nikafunika zile nne. Nikaangalia ya tano, imechakaa, nikaona itaniaibisha kwa picha, nikaifunika pia. Nikafunga na utepe.

"Na hiyo ni nini?" Baba Shiru akauliza.

"Wewe ngoja Jumamosi."

Akangoja. Siku mbili jua likawaka kweli kweli, na mimi napita hapo chini najipongeza.

Jumamosi wakafika wote, pamoja na Cucu, mama ya Baba Shiru, kutoka Mwihoko na kofia yake ya kanisa. Mchungaji akakata utepe, akavuta pazia, tukapiga ngemi, vigelegele vyetu vile, mpaka majirani wakatoka. Nikaingia sebuleni kifua mbele nikawasha spika, birika, pasi na blenda, vyote pamoja, ndio waone! Spika ikasema "tuu" ikanyamaza. Blenda ikazunguka mara moja. Inveta ikaanza kulia piiiii, na mchungaji, Mungu ambariki, akaanza kukemea giza, na kila akisema "Nyamaza!" inveta inazidi, mpaka yenyewe ikazimika.

Lakini mimi sikuwa nasikia maombi. Taa ya mashine pale kona ilikuwa imezima, mayai yalikuwa yamebakisha siku moja yaanguliwe, na wenye mayai walikuwa wamesimama nyuma yangu.

Nikampigia fundi, na kwa haraka nikabonyeza vibaya, simu ikasikika na watu wote.

"Kariuki, umeniwekea betri mbovu!"

"Jua limekuwepo?"

"Limewaka siku mbili!"

"Basi kuna kitu kimeziba paneli. Majani? Nguo?"

Nikageuka. Mchungaji alikuwa bado ameshika pazia langu.

"Fundi," nikasema polepole, "kulikuwa na pazia."

"Ya nini?"

"Ya... ya kufunguliwa."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Hata ile paneli ya zamani?"

"Hata ile."

Ngai! Cucu ndiye alianza, alicheka mpaka kofia ikaanguka, na wengine wakamfuata, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Fundi akasema nizime kila kitu, niache jua lifanye kazi, na nikiwasha niwashe mashine pekee.

Mama Njeri wa kikundi hakucheka. Alinisukuma kando akaenda moja kwa moja kwa mashine. "Tutacheka baadaye. Kila mtu achukue yake." Akatoa manane yake, akayatia kifuani ndani ya sweta yasipoe, akafunga leso juu. Baba Shiru akamtoa mchungaji nje kwa heshima. Basi nikawa na akina mama kumi na wawili sebuleni, wima kama maaskari, wanakunywa chai bila kuegemea kiti, na Cucu amenyang'anya jirani yake mawili ili asiachwe nyuma.

Saa tisa taa ya mashine ikawaka. Tulikuwa tunarudisha mayai pole pole, na Mama Njeri akashika lake la mwisho akasimama.

"Haiya. Hili linanigonga."

Tukainama wote, kimya, na kutoka ndani tukasikia kasauti, cui, cui. Wacha nyumba ilipuke! Zile ngemi za asubuhi zilikuwa mchezo.

Kufikia Jumapili jioni walikuwa vifaranga themanini na tisa. Mama Njeri alihesabu wake wanane, akawahesabu tena, akanishika mkono, na mimi nikalia mbele ya watu bila aibu. Jumatatu asubuhi, kabla sijafagia hata mashine, alikuwa kwa mlango na mayai mengine manane.

Sherehe ya kufungua kitu, hapana, kwangu hamtaiona tena. Kitu kikija kinawashwa siku hiyo hiyo, na kikinifanyia kazi mwezi mzima, ndio nitawaita chai.